Pesa ya Vifaa Ashike Nani?

Kwenye nguzo za umeme za mitaa ya Dar es Salaam, tangazo la fundi bomba hubandikwa kando ya la mganga, la chumba cha kupangisha na la mkopo wa haraka. Maneno yake ni machache: FUNDI BOMBA NA UMEME, kisha namba ya simu. Mengine hupigwa kwa rangi kwenye kuta za watu bila hata hodi. Yamekuwa mengi kiasi kwamba anayeyasoma kwa makini ni fundi mwenzake tu, anayetafuta pa kubandika lake. Mwenye nyumba ambaye bomba limempasukia saa mbili usiku hatoki nje kusoma nguzo. Anampigia jirani: "Mama, yule fundi wako wa juzi, namba yake unayo?"

Soko la mafundi wadogo, wa umeme, bomba, rangi, marumaru, uashi na kuchomelea, limekaa ndani ya simu hiyo. Hali ya fedha ikibana, watu huzidi kuitegemea, kwa sababu mwenye milioni moja aliyoipata kwa taabu hataki kuifanyia majaribio kwa mtu asiyemjua. Ndiyo maana swali la wapi fundi atapata wateja wakati wa ukata halijibiki kwa kuhesabu matangazo. Kwanza ni kujua mteja anaogopa nini.

Ukata wenyewe si hisia tu. Uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 4.7 mwaka 2024, baada ya kukua kwa asilimia 5.7 mwaka 2023, lakini sekta ya ujenzi haikupunguza mwendo tu, ilirudi nyuma kwa asilimia 0.7. Saruji iliyotumika nchini ilishuka kutoka takriban tani milioni 9.2 hadi milioni 8.5. Mwaka huohuo zilihesabiwa ajira mpya zipatazo 782,000, na tisa katika kila kumi zilikuwa za jua kali, sekta isiyo rasmi. Yaani kazi za ujenzi zilikuwa zikipungua huku watu wanaojitafutia riziki wenyewe wakiongezeka. Si wote wanaoingia kwenye ufundi, wengi huishia kwenye biashara ndogondogo, ila milango ya baadhi ya fani iko wazi mno. Aliyepunguzwa kiwandani Ijumaa anaweza kuwa fundi rangi Jumatatu. Brashi, rola na ngazi ya kuazima vinamtosha. Kuchomelea hakuingiliki hivyo, kwani mashine ni ghali na kosa linaonekana papo hapo. Wayaringi nayo ina leseni zake. Kwa hiyo ukata hauwapigi mafundi wote sawasawa: fani rahisi kuingia ndiyo inayojaa watu upesi, na bei zake ndizo huporomoka kwanza.

Tanzania takwimu za taifa zina sura nzuri zaidi, lakini msemo wa "vyuma vimekaza", ulioenea miaka ya serikali ya awamu ya tano, haujawahi kuondoka mtaani. Sababu mojawapo ni namna nyumba zinavyojengwa. Mikopo ya nyumba ni ya wachache katika nchi zote mbili. Kenya, yenye watu zaidi ya milioni 50, ilikuwa na mikopo hiyo takriban 30,000 tu mwishoni mwa 2023. Wengine wote hujenga kwa pesa ya mfukoni. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta mpaka lenta, kisha boma linakaa misimu miwili likiota nyasi ndani, halafu kupaua, halafu familia inahamia kabla ya plasta kwa sababu kodi ya nyumba imewachosha. Marumaru na jipsamu vitakuja Mungu akipenda. Pesa ikiadimika, nyumba hiyo haifi, inasimama. Fundi aliyejenga msingi bado ana madirisha, paa, umeme, maji na rangi mbele yake kwa mteja yuleyule, ikiwa tu hakumwudhi kwenye msingi.

Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Fundi anayeuona msingi kuwa ni kazi iliyokwisha hutafuta mteja mpya kila mwezi. Anayeuona kuwa ni mwanzo wa miaka minane ya kazi ndogondogo huwa mwangalifu sana na mifuko ya saruji inayobaki.

Kazi yoyote ya ufundi ina mafungu mawili ya pesa: ufundi wenyewe na vifaa. Fungu la vifaa ndilo kubwa karibu mara zote. Mteja anaweza kubishana nusu saa juu ya laki moja na nusu ya ufundi, lakini kinachomnyima usingizi ni milioni na laki mbili za vifaa ambazo fundi anaomba apewe "ili nikanunue leo leo, bosi, bei inapanda". Kila familia ya mjini ina hadithi yake kuhusu pesa ya namna hiyo. Nondo za milimita 12 zilizogeuka milimita 10. Waya uliokwisha kabla ya chumba cha mwisho. Mfuko wa saruji uliotoka kwa boda boda jioni.

Si kila mara ni wizi wa kukusudia, na hili halisemwi vya kutosha. Fundi hupokea kianzio cha kazi ya Mbagala, akakitumia kumalizia kazi ya Tabata, kwa sababu pesa ya Tabata ilishalipa kodi na ada ya mtoto. Kazi ya Mbagala nayo itamaliziwa na kianzio cha mteja wa tatu. Kazi zikiwa nyingi mzunguko huo unakwenda, na mteja anachokiona ni uchelewaji tu: "Niko njiani bosi, foleni tu hapa." Ukata ukiingia, mteja wa tatu hatokei. Mbagala wanapiga simu, wanaahidiwa kesho, kesho inakuwa Jumatatu, mwishowe simu inazimwa. Mteja atasema ameibiwa, na ameibiwa kweli, hata kama fundi hakuamka asubuhi na nia hiyo. Kisha jirani atapiga simu kuulizia fundi, na jibu atakalopewa linajulikana.

Kwa maneno mengine, fundi wa aina hii hapotezi wateja kwa kukosa matangazo. Anawapoteza kwa sababu biashara yake haina mtaji wake, inaendeshwa kwa mtaji wa wateja.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi ndipo hofu hiyo inapoonekana waziwazi. Fundi amesimama kaunta na mama mwenye nyumba. Orodha imeandikwa kwenye kipande cha boksi la marumaru: gundi mifuko minne, saruji miwili, grauti, spesa. "Gundi minne ya nini, fundi, si chumba kimoja?" Fundi anajibu kwamba sakafu ina mabonde, itabidi ijazwe. Muuzaji hasemi kitu, ameinamia kikokotoo. Anapotaja bei ya jumla, hamtazami mama anayelipa, anamtazama fundi. Mama ameona.

Alichokiona ni cha juu. Maduka mengi humpa fundi aliyeleta mteja chochote, iwe asilimia fulani ya manunuzi au elfu tano ya chai. Baadhi ya makampuni ya rangi huweka kuponi ndani ya ndoo, na anayefungua ndoo, yaani fundi, ndiye anayejua ipo. Duka halina ubaya kwa hilo, ni gharama yake ya kutafuta wateja. Kwa fundi ni kipato kinachomsaidia ashushe bei ya ufundi, na wapo wanaojitetea hivyo kwa haki: mteja akitaka ufundi wa bei ya chini, tofauti itatoka mahali. Tatizo ni kwamba njia hiyohiyo inaweza kumletea wateja au kumfukuzia. Duka lenye jina mtaani hupokea kila siku watu wanaouliza, "Mnamjua fundi mzuri wa bomba?" Muuzaji humtaja yule anayerudisha kifaa kilichozidi, asiyekopa kaunta akapotea, asiyekuja kugombana juu ya koki iliyovuja aliyoifunga vibaya mwenyewe. Katika mji ambao watu hawasomi nguzo, kinywa cha muuzaji huyo kina thamani kubwa kuliko bango. Lakini fundi akishajulikana kwamba anapeleka wateja duka moja tu, tena la bei ya juu, mama yule wa marumaru atamwambia dada yake, na dada atatafuta mwingine.

Miaka ya karibuni njia nyingine imejitokeza bila mtu kuipanga. Malipo kwa simu, yaliyoanza Kenya kwa M-Pesa mwaka 2007 na kuvuka mpaka mwaka uliofuata, yamewezesha mteja kumlipa muuzaji moja kwa moja. Fundi yuko kaunta, mwenye nyumba yuko ofisini. Fundi anatuma picha ya ankara, mwenye nyumba anaingiza Lipa Namba ya duka, mzigo unapakiwa. Pesa ya vifaa haikupita mkononi mwa fundi hata dakika moja. Mwanzoni mafundi wengi waliliona jambo hili kuwa tusi. Wenye akili ya biashara wamegundua kwamba wakilipendekeza wao wenyewe, kabla mteja hajaomba, mazungumzo hubadilika. Mteja hana tena hofu kubwa, kwa hiyo habishi sana juu ya ufundi, na kianzio kinachoombwa kinakuwa kidogo cha nauli na saidia fundi. Kinachopotea ni cha juu. Kwa anayetegemea cha juu kulisha familia hasara hiyo si ndogo, na hakuna haja ya kuificha. Hulipika pale tu anapoingiza thamani yake halisi kwenye bei ya ufundi na kuitetea.

Hakuna wateja wanaolielewa hili kuliko walio ughaibuni. Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na sehemu ya pesa za namna hiyo huishia kwenye mawe, mabati na milango ya Kitengela, Kilifi au kijijini kwa wazee. Simulizi za waliotumia ndugu kusimamia ujenzi, wakarudi na kukuta kiwanja kitupu, zinajulikana kuanzia Mombasa hadi Minnesota. Mteja huyu yuko mbali, hawezi kupita jioni kukagua, na amekwisha kuumwa na nyoka au anamjua aliyeumwa. Fundi anayemtumia video kila jioni, akitembea polepole kuzunguka ukuta, akihesabu mifuko iliyotumika na iliyobaki, anamuuzia kitu ambacho hata shemeji hawezi kumpa. Kazi ya uashi ni ileile. Kinachomtofautisha na wengine ni dakika tano za simu, na wateja wa aina hii hupeana namba kwenye makundi yao ya WhatsApp haraka kuliko majirani wa mtaa mmoja.

Simu imewafundisha mafundi mengi, na imewadanganya kidogo pia. TikTok na Instagram zimejaa dari za jipsamu zenye taa za rangi, makabati ya jikoni na vibaraza vya marumaru. Picha nzuri inasaidia kweli katika fani ambazo mteja hununua kwa macho: jipsamu, rangi, makabati, mageti. Fundi bomba hana cha kupiga picha. Kazi yake nzuri imefukiwa ukutani, na hakuna anayefurahia picha ya bomba lisilovuja. Hata kwenye fani za macho, picha haisemi kama kazi ilikwisha kwa wakati, wala kama ni yake. Picha za dari ileile zimeonekana kwenye kurasa za mafundi wanne. Hali ya WhatsApp, ambayo huonekana tu na watu waliohifadhi namba, mara nyingi hufanya kazi zaidi kuliko ukurasa wenye wafuasi elfu kumi, kwa sababu wanaoiona ni wateja wa zamani, na mmoja wao leo asubuhi ameona koki yake ikidondosha.

Programu za kuunganisha mafundi na wateja zimejaribiwa pia. Jijini Nairobi, Lynk ilianza katikati ya miaka ya 2010 ikiwa na wazo zuri: fundi ana wasifu, kazi zake zinapewa alama, mteja analipa kupitia kampuni. Mfumo wa aina hii hukutana na kikwazo kilekile kila unakopelekwa. Mteja na fundi wakishaonana mara moja na kuaminiana, kazi ya pili huipanga wenyewe kwa simu, na wa katikati hapati kitu. Kwa kazi inayojirudia kama umeme na bomba, imani ikishapatikana haina haja ya dalali. Kwa fundi mgeni mjini, asiye na jirani wa kumtaja, programu inaweza kuwa ngazi ya kwanza. Kuifanya makao ni kulipia kila mwezi kitu ambacho wateja watatu walioridhika wangempa bure.

Upo ushahidi mwingine wa kuaminika ambao haupatikani kwa picha, nao ni muhuri. Tanzania Bara, anayeomba nyumba yake iunganishwe na shirika la umeme, TANESCO, anahitaji fundi mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati, athibitishe wayaringi. Kwa hiyo fundi mwenye leseni ana wateja ambao sheria yenyewe inamletea, wakati mwenzake mwenye mikono hiyohiyo lakini bila karatasi anafunga nyaya kisha anakwenda kumwomba, na kumlipa, mwenye muhuri. Mtaani mgawanyo huu unajulikana vizuri: kuna wanaofunga na kuna wanaogonga. Asiye na leseni anapunjwa kwenye kila nyumba. Kenya mambo yanafanana. EPRA, mdhibiti wa nishati wa huko, hutoa leseni kwa mafundi umeme na, kwa daraja zake, kwa wafungaji wa sola, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, huwatambua mafundi stadi na wasimamizi wa maeneo ya ujenzi. Kwa waliojifunza kazi kwa kushika ngazi ya mjomba, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya Tanzania, ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Wakati kazi zimepungua ndipo muda wa kushughulikia karatasi hupatikana, na ndipo wengi huona ada haifai kulipwa. Uamuzi huo unaeleweka, ila gharama yake haionekani siku hiyo. Huonekana shule binafsi au zahanati inapotaka kubadilisha mfumo wa maji na jambo la kwanza mhasibu kuuliza ni TIN na risiti.

Bei ndiyo mahali ukata unapouma zaidi. Umeme huhesabiwa kwa pointi, marumaru kwa mita ya mraba, tofali kwa idadi, rangi kwa chumba au kwa makubaliano. Vipimo hivyo humrahisishia mteja kulinganisha, na kumrahisishia fundi mwenye njaa kushusha. Mmoja akitaja bei fulani kwa pointi, wa pili atapunguza elfu, wa tatu elfu mbili. Wa tatu akipata kazi, fidia ataitafuta kwenye mchanga: plasta yenye mchanga mwingi na saruji ya kuonja, inayochubuka ukiegemea. Mteja aliyefurahia bei anakuja kulia baada ya masika, na fundi anapoteza nyumba hiyo na za majirani wote walioitazama ikibanduka.

Hata hivyo, kumwambia fundi asishushe bei wakati watoto wanasubiri unga ni ushauri wa aliyeshiba. Kuna njia ya kati ambayo wazoefu huitumia bila kuipa jina: kupunguza ukubwa wa kazi badala ya bei. "Bosi, kwa pesa hiyo nyumba nzima haiwezekani, tufanye choo na jiko, sebule iweke mwezi wa sita." Mteja asiye na pesa ya vyumba vitano ana pesa ya kimoja. Kwa kuwa nyumba zenyewe hujengwa kwa vipande, kumuuzia kipande si jambo geni kwake.

Na vipande vipo vingi kuliko nyumba mpya. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu majengo zaidi ya milioni 14.3. Kila jengo lina bati linaloshika kutu, kitasa kinachokwama, soketi iliyoungua, mlango uliovimba kwa mvua. Anayenyimwa pesa ya kujenga na ukata hanyimwi shida ya paa kuvuja. Anaahirisha jipya, anatengeneza la zamani. Mafundi wengi hudharau matengenezo kwa sababu pesa yake ni ndogo na usumbufu ni mkubwa: kuvuka mji kwa ajili ya koki ya elfu ishirini, nusu yake iishie kwenye nauli. Dharau hiyo ina hesabu yake, lakini inasahau kwamba aliyeitwa kwa koki huonyeshwa nyumba yote. Hofu ya mteja kwenye kazi ya elfu ishirini ni ndogo, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kumpima fundi kabla ya kumkabidhi kazi ya milioni mbili.

Matengenezo yana msimu wake, na kalenda hii huwasaidia wanaoijua. Wiki chache kabla ya masika na kabla ya vuli, paa na mifereji ndiyo habari. Kabla ya Idi, rangi hupanda daraja Zanzibar, Mombasa na kwingineko Pwani. Kilimanjaro ni mfano wa peke yake: Desemba Wachagga hurudi nyumbani kwa wingi, na hakuna anayetaka kufikia kwenye nyumba yenye dirisha bovu mbele ya ukoo mzima. Fundi wa Machame au Rombo anayeanza kuwapigia simu wateja wake wa mijini Oktoba hawasumbui, anawahi. Januari, mwezi wa ada, asitarajie simu ya mtu.

Misimu mingine haimo kwenye kalenda. Maji yalipopungua katika Mto Ruvu mwishoni mwa 2022 na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo, tenki la akiba na pampu viligeuka mahitaji ya haraka. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 uliwapa nafasi waliojua inveta na betri. Kisha Bwawa la Julius Nyerere likaanza kuzalisha mwanzoni mwa 2024 na haraka ile ikatulia. Waliofaidika ni wale ambao ujuzi walikuwa nao tayari. Walioanza kujifunza siku taa zilipozimika walimaliza masomo taa zimewaka.

Ubobezi wa zamani nao una soko lake dogo. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, Lamu ukafuata 2001, na nyumba za mawe ya matumbawe hazipendi saruji. Zinataka chokaa, boriti na mtu anayejua vinavyopumua pamoja. Sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, huko Zanzibar, ilipoporomoka Desemba 2020, dunia ilikumbushwa kwamba majengo hayo hayajisimamii. Mafundi wa kazi hiyo ni wachache, na mwenye hoteli anayewahitaji hana wa kumshindanisha naye. Si njia ya kila mtu. Inawafaa vijana wachache waliokubali kukaa miaka chini ya mzee mmoja.

Kazi za serikali humezewa mate na kila mtu, zikiwa na faida na mtego wake. Mwaka 2021 Tanzania ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabili UVIKO-19, sehemu yake ilijenga madarasa 15,000, kila moja kwa bajeti ya takriban milioni 20, na kazi ilipita kwa mafundi wa palepale kijijini chini ya kamati za shule badala ya makandarasi wakubwa. Kwa miezi michache mwashi wa wilayani alikuwa mtu wa kutafutwa. Makandarasi waliosajiliwa walilalamikia utaratibu huo, wakisema unawanyima kazi. Januari 2022 wanafunzi waliingia madarasani na msimu ukaisha. Sasa zabuni za umma zinapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, na sheria zinatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, kama Kenya inavyotenga kiwango hicho tangu 2013, ila bila kundi la wazee, kwa mpango wa AGPO. Fundi mmoja mmoja hapiti mlango huo. Kikundi kilichosajiliwa hupita.

Mtego uko kwenye malipo. Kenya, madeni ya serikali kwa makandarasi wa barabara yalifikia kiasi kwamba mwaka 2025 ilibidi shilingi saba za kila lita ya mafuta, kutoka kwenye tozo ya matengenezo ya barabara, ziwekwe rehani ili zipatikane shilingi bilioni 175 za kuwalipa. Kampuni kubwa ikisubiri miaka, wa chini yake anayefunga kalvati au kupaka rangi ofisi ya eneo la ujenzi anasubiri nyuma yake, bila mkataba wa maana. Fundi asiye na mtaji akipata kazi moja kubwa ya mkopo anaweza kufilisika akiwa na kazi. Hofu ya mteja wa mtaani ya kutoa pesa kabla ya kazi hapa imegeuzwa juu chini: fundi ndiye anayetoa kazi kabla ya pesa, na hakuna jirani wa kumpigia kuuliza kama mteja huyo hulipa.

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zimepangiwa kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika. Uwanja wa watazamaji 30,000 wa Arusha na ule wa 60,000 wa Talanta jijini Nairobi vilikwenda kwa makampuni ya Kichina, na fundi mdogo hana cha kugombea pale zaidi ya kibarua cha siku. Kazi yake iko mitaa ya jirani, kwenye nyumba za wageni ambazo mabafu yake yana marumaru ya miaka ya tisini na hita isiyowaka. Mwenye nyumba ya wageni ya vyumba ishirini, akiwa na pesa ya kuungaunga, hatavikabidhi vyote kwa mkupuo. Atatoa viwili vya majaribio, vifaa atanunua mwenyewe kwa Lipa Namba, risiti atataka, tarehe atataka. Kumi na nane vilivyobaki atampa aliyemaliza viwili vile bila kuomba nyongeza.